Kiti Kinachopika

Naapa kwa pensheni yangu, ambayo huchelewa lakini haijawahi kukosa kabisa, kwamba haya ninayoyaandika yalitokea yote, hivi hivi yalivyo, bila chumvi. Chumvi iliyomo ni ile ya kwenye maharage. Atakayeuliza nimejuaje yaliyosemwa chumbani kwa watu, jibu ni jepesi: kati ya chumba changu na chao kuna ubao mmoja, na ubao huo umechoka kuliko mimi. Sijawahi kusikiliza mazungumzo ya jirani hata siku moja. Mimi nakaa kwangu, nimenyamaza, na maneno yanaingia yenyewe kama mbu.

Jirani zangu walikuwa watu watatu. Mume alikuwa fundi wa makochi, mtaa mzima ukimwita Fundi Sponji. Mkewe alipika maharage na kuyapeleka kiwanda cha matofali kilicho nyuma ya mtaa wetu, ambako wafanyakazi walikula mchana filimbi ikilia. Wa tatu alikuwa mama yake fundi, mtu mzima mwenye macho yaliyopungua nuru, nyonga zilizopungua mafuta, na ulimi usiopungua kitu.

Mwaka ule mkaa ulipanda bei mpaka watu wakaacha kununua gunia, wakawa wanapimiwa kwa kopo la rangi, na muuzaji akiumimina kwa huzuni kama mtu anayeagana na ndugu. Maharage nayo hayana utani. Yanataka moto asubuhi nzima, na moto unataka mkaa. Mke wa fundi akaanza kuyaepua mapema ili kopo lifike kesho. Siku hizo ukipita karibu na kiwanda saa ya chakula, ungedhani wanapasua kokoto. Mfanyakazi mmoja aliangusha punje juu ya tofali, tofali likapasuka vipande viwili. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Msimamizi wa kiwanda aliitwa Filimbi, kwa sababu ya kitu alichoning'iniza shingoni. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, bakuli mkononi, wapangaji wote tukiwa uani.

"Mama, nimekurudishia haya. Nimeona uyamalizie kupika."

"Samahani, baba. Mkaa..."

"Mimi sitafuni mkaa. Natafuna maharage, na haya ndiyo yananitafuna mimi. Watu wangu wanabeba matofali, mama, hawabebi kwa mikono, wanabeba kwa tumbo. Yakija magumu tena, kazi hii nampa yule mwenzako wa ng'ambo ya barabara."

"Yule anatia magadi mpaka yanatoa povu, baba."

"Lakini yanalainika."

Aliliweka bakuli kizingitini akaondoka. Hakuna aliyeliokota kwa muda, kila mtu akijifanya ana shughuli. Mke wa fundi aliinama, akalichukua, akaingia nalo ndani amelifunika kwa kiganja, kama vile maharage yale yalikuwa uchi.

Lazima niseme jinsi mambo yalivyosimama kwao. Makochi yalikuwa hayatoki. Mtu anayedaiwa kodi hanunui kochi, analiuza. Kwa hiyo kula yao, kodi yao na dawa ya kuchua nyonga za mama vyote vilitoka kwenye sufuria moja, na sufuria hiyo ndiyo ilikuwa imerudishwa.

Siku hizo hizo akaja dada mmoja wa mradi, msichana mpole, viatu vyake vyeupe, akakusanya kina mama uani kwetu na kutuonyesha kikapu. Kilikuwa kikapu kinene, kimeshonwa vizuri, kina mto wake wa kufunikia juu. Alieleza: maharage yaliyolala majini unayachemsha jikoni mpaka yachemke barabara, kisha unaitia sufuria ndani ya kikapu, unafunika, unaendelea na kazi zako. Joto lile lile limefungwa, halina pa kwenda, litapika lenyewe. Mkaa kidogo tu. Kina mama wakapiga makofi. Wakauliza bei. Makofi yakakoma.

"Ni kwa ajili ya watu wa kipato cha chini," alisema yule dada.

"Chini kiasi gani, mwanangu?" aliuliza mama yake fundi. "Maana sisi tuko chini ya hapo."

Dada alicheka, tena bila kinyongo, akasema bei hiyo hata yeye inamsumbua na atawaambia wenzake. Fundi Sponji alipoomba kukishika kikapu, akampa. Fundi akakigeuza, akakibonyeza kwa dole gumba, akaunusa mshono.

"Kitu kimoja tu," dada aliwaaga. "Kikishafungwa, kisifunuliwe. Ukifunua kidogo tu, joto limetoka, umeharibu."

Jioni fundi alinifuata mlangoni kwangu macho yakimwaka.

"Mzee, umekiona kile?"

"Kikapu."

"Si kikapu kile. Kile ni kochi lisilo na miguu! Sponji, kitambaa, mshono, basi. Mimi miaka yote nimelala juu ya jiko, nasinzia."

"Lakini sponji uliyo nayo ni mabaki ya makochi ya watu."

"Sponji haijui kama ni mabaki, mzee."

Akalichukua sanduku la mbao lililokuwa fremu ya kochi la mteja aliyetoroka, akalijaza vipande vya sponji pande zote, akaacha shimo la sufuria katikati, akashona mto mzito wa kufunikia. Gharama yake ilikuwa uzi na misumari. Ilikuwa kazi safi. Kesho yake mkewe alichemsha maharage kwa mkaa usiojaa hata nusu kopo, akaitumbukiza sufuria, akafunika, akaenda kisimani akiimba.

Alipofunua mchana, maharage yalimtazama vile vile yalivyoingia.

"Mama," alimuuliza mkwewe, "kuna mtu aliyefunua hapa?"

"Nani afunue? Hakuna mtu aliyefunua." Mama alijisogeza kwenye kreti lake la soda alilokuwa akikalia. "Mimi nilikuwa nayajulia hali tu."

"Mara ngapi, mama?"

"Mgonjwa anajuliwa hali mara ngapi? Mwanangu, chungu hakiachwi gizani peke yake kama maiti isiyo na ndugu. Mimi siku hizi sioni vizuri, napika kwa pua. Sasa pua itajuaje, mto umeizibia njia?"

Bahati yao siku ile ilikuwa Jumapili, kiwanda kimefungwa. Walirudisha sufuria motoni, mkaa wa wiki karibu wote ukaishia hapo. Jioni wakati mama yuko nje akipunga upepo, ubao wangu ulianza kuzungumza.

"Tulitie kufuli hili sanduku," alisema mke.

"Kufuli? Kwenye chakula? Umfungie mama yangu sufuria kwa ufunguo?"

"Simfungii mama. Nafungia joto."

"Nenda kawaeleze watu hivyo. Watasema mama mkwe ameletewa kufuli ndani ya nyumba ya mwanawe."

"Na watu wa Filimbi watasema nini kesho? Unajua watasema nini? Hawatasema. Watakuwa ng'ambo ya barabara wanakula magadi."

Nikasikia fundi akiinuka, na kitu kama kucha kikipiga ubao wa sanduku, ko, ko, ko, kwa namna ya mtu anayewaza.

"Mama anakaa wapi mchana kutwa?" aliuliza.

"Kwenye kreti. Ndiyo maana nyonga zinamlilia."

"Basi," alisema fundi.

Alitumia usiku kugongomea na asubuhi sanduku lilikuwa na miguu mifupi, mgongo wa kuegemea, na mikono miwili iliyovikwa kitambaa chekundu cha makochi ya wakubwa. Ule mto mzito ndio ulikuwa kikalio chake. Mkewe alichemsha maharage, akaingiza sufuria wakati mama ananawa uso uani, mto ukarudi mahali pake. Kisha fundi akamshika mama yake mkono.

"Mama, nimekutengenezea kiti."

Mama akaketi. Akapapasa mikono ya kiti. Akanyamaza kidogo, jambo lililotutia wote wasiwasi.

"Kina joto."

"Ni sponji nzuri hiyo, mama."

"Sponji gani inayofuka mvuke?"

"Ya nje, mama."

"Ahaa," alisema mama, akajiegemeza.

Sasa hapa ndipo penye akili ya fundi. Kifuniko chaweza kufunuliwa na yeyote, lakini mtu mzima akishakaa hainuliwi. Mdogo humpisha mkubwa. Mkubwa hampishi mtu, ila mkubwa kuliko yeye. Sheria hiyo hainunuliwi dukani na haihitaji ufunguo. Mama alikaa asubuhi nzima, uzito wake ukiubana mto vizuri kuliko kamba yoyote, nyonga zake zikipata joto ambalo dawa ya kuchua haikuwahi kuzipa. Karibu na mchana mkwe wake akamwambia maji yake ya kuoga yako tayari, akainuka kwa hiari yake, sufuria ikatoka. Maharage yalikuwa laini kama maneno ya mgombea.

"Leo nimewasikia wanakula kimya," alisema Filimbi akirudisha sufuria tupu, na kwa Filimbi hiyo ilikuwa hotuba.

Mambo yakaenda hivyo. Mkaa ulibaki kwenye kopo. Paka wa mtaa walianza kupanga foleni miguuni pa mama yake fundi, na mmoja, naapa, alikuja na mtoto wake kumtambulisha.

Habari ikafika kwa tajiri mwenye kiwanda. Alikuwa na uwanja mwingine wa matofali upande wa pili, na huko pia watu walikuwa na njaa. Lakini alikuwa mtu wa leso. Kila alichoshika alikifuta kwanza, na hakula asichoona kinapopikwa. Akatuma salamu kwamba atakuja mwenyewe kuona na kuonja. Akiridhika, mke wa fundi atalisha viwanja vyote viwili. Asiporidhika, hata kile kimoja kinavuka barabara.

Siku ilipofika, uani palifagiwa mpaka udongo ukakasirika. Tajiri aliingia na Filimbi kabla tu ya saa ya chakula. Mama yake fundi alikuwa ndani, juu ya kiti chake, mlango wazi. Mke wa fundi, kwa woga na furaha vikichanganyika, alianza kueleza, na mtu mwenye woga hupaza sauti.

"Siri yake ni kutofunua, baba. Na shida yetu ilikuwa mama mkwe wangu. Anafunua, anafunua, kama anatafuta sindano mle! Basi tukaona tumkalishe juu yake. Sasa mzee wa watu anakaa pale hajui hili wala lile, na chini yake maharage yanaiva."

Tajiri akacheka. Filimbi akacheka kwa sababu tajiri amecheka. Mimi pia nilicheka, ila kwa ujirani mwema. Ndani, kiti kikalia kwii.

Macho ya mama yule yalikuwa yamepungua. Masikio yalikuwa mazima, na sote tulilijua hilo, isipokuwa dakika ile.

Tulipoingia tulimkuta ameshika mikono miwili ya kiti, mgongo umenyooka, kama amekaa kupigwa picha.

"Karibuni," alisema. "Msinione nimekaa. Nimekalishwa."

Mkwe wake alipiga hatua mbele, mwiko mkononi. "Mama... wageni wamekuja kuona chakula."

"Ni vizuri. Kiko wapi?"

"Kiko hapo, mama. Chini."

"Chini ya nani?"

Fundi alisogea, akainama. "Mama, twende nje kidogo ukapunge hewa."

"Hewa ya hapa inanitosha. Ina kitunguu."

"Maji yako ya kuoga yako tayari, mama."

"Nimeshaoga. Mzee wa watu asiyejua hili wala lile anaoga mara ngapi?"

Filimbi alijaribu, kofia mkononi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Keti." Hapakuwa na pa kuketi.

"Mama, watu wangu wako uwanjani. Wananingoja nipulize."

"Puliza, baba. Nani amekushika mdomo?"

Tajiri akamnong'oneza fundi, "Si mumnyanyue tu?" Tukamtazama wote kana kwamba ameshauri ubebwe ukuta. Akaitoa leso, akaifuta saa yake, akaitazama, akaifuta tena. Mke wa fundi aliiona saa ile.

Ndipo fundi akanivuta pembeni. "Mzee, wewe si umemzidi mama umri?"

"Kwa mbali."

"Unaapa?"

"Umewahi kunisikia nikisema uongo?"

Muda haukuruhusu jibu. Nikachukua fimbo iliyokuwa imeegemezwa mlangoni, nikaongeza kikohozi, nikaingia polepole nikiburuta mguu ambao mpaka hapo ulikuwa mzima.

"Dada," nilisema, "kwa umri huu wangu, kusimama kunanishinda. Nadhani ingefaa nipishwe."

"Umri gani?"

"Mkubwa."

"Mwaka wa nzige ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nawafukuza! Nilikuwa na ndevu tayari."

"Lo. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama yangu." Aliuondoa mkono mmoja kwenye kiti. Fundi akashusha pumzi. "Na ile treni iliyotumbukia mtoni, unaikumbuka?"

"Niisahau, dada? Mimi ni mmoja wa walioivuta kwa kamba. Wengine walishika mabehewa, mimi nikashika injini."

"Injini ilikuwa na rangi gani?"

"Kijani. Na mstari mwekundu ubavuni."

Mama aliurudisha mkono wake mahali pake na kujikalisha upya, kwa starehe zote.

"Hakuna treni iliyotumbukia mtoni. Nimeitunga sasa hivi, nikiwa nimekaa juu ya maharage."

Chumba kizima kiliangua kicheko, tajiri akajifuta machozi kwa leso ile ile ya saa. Mimi sikucheka, kwa kuwa treni hiyo naiona mpaka leo.

Mwingine ambaye hakucheka ni mke wa fundi. Aliuweka mwiko chini, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, nimekutangaza uani kwa watu. Nimekosa."

"Naam."

"Na kupika umenifundisha wewe. Nilipokuja hapa hata chumvi nilikuwa naitia kwa kukisia."

"Hilo nalo ulilitangaza uani?"

"Hapana, mama."

"Mwenye leso yuko nyuma yako."

Akageuka, bado yuko magotini, akamwambia tajiri: aliyemfundisha kupika ni huyu. Kisha akamrudia mkwewe, na sauti yake safari hii ilikuwa ya chini.

"Mama, yameiva?"

Mama alifumba macho. Akavuta hewa kwa pua, akatulia, akasogeza nyonga moja, kisha ya pili.

"Mnadhani nyonga zangu hazijui joto la sponji na joto la sufuria? Tangu siku ya kwanza najua nakalia nini. Nilikaa kwa sababu maharage yalikuwa yanaiva. Lakini siku zote hizo mnaniita kuoga, mnaniita kuoga, mpaka ngozi inakwisha. Hakuna aliyeniuliza neno hilo moja." Akanyoosha mkono, akamshika mkwe wake begani. "Yameiva tangu huyu bwana aliposhika injini. Nisaidie niinuke."

Akainuka. Akauondoa mto kwa mkono wake mwenyewe, na mvuke ukapanda mpaka dari la bati likatoka jasho. Alionja wa kwanza, sote tukimtazama mdomo.

"Kitunguu kimechelewa kutiwa. Lakini yanalika."

Tajiri alipewa kijiko. Akakifuta. Akala. Akala tena, mara hii akasahau kufuta.

"Viwanja vyote viwili," alisema. "Ila kiti kimoja hakitatosha."

"Viti nitatengeneza," alisema fundi upesi.

"Na wa kuvikalia?"

"Wanawake wenye nyonga mbovu," alisema mama yake, "mtaa huu haujawahi kupungukiwa."

Fundi na mkewe waliibeba sufuria kwenda kiwandani, mke akitembea haraka hata mvuke ukabaki nyuma, na punde filimbi ikalia. Bakuli moja liliachwa kwa ajili ya mama. Nikaona lingine limeachwa kando, nikadhani ni langu, nikanyoosha mkono.

"Wewe ngoja," alisema. "Mwongo hali kabla ya kulipa."

Nikaanza kupapasa mfuko.

"Si hizo. Tangu umehamia hapa unaniambia 'habari za asubuhi', kama karani wa posta. Nimenyamaza, nikidhani labda kweli umenizidi umri. Leo umenionyesha mwenyewe umri wako."

"Sijautaja, dada."

"Treni imeutaja."

Wapangaji walikuwa wamejaa mlangoni, hata wale ambao siku hiyo walikuwa na kazi. Tajiri naye alikuwa bado yupo. Nikairudisha fimbo ya watu ilipokuwa, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alichota kijiko cha maharage, akakitia mdomoni, akawa anatafuna taratibu. Maharage yale, jamani, hayakuwa na cha kutafuna.